Mjiolojia Mwezini: Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Harrison Schmitt na safari ya Apollo 17

Haya ni maswali yanayorudi kila inapozungumzwa Apollo 17, safari pekee ya Apollo, mpango wa Marekani wa kupeleka watu Mwezini, iliyomshusha huko mjiolojia wa taaluma. Yamepangwa kwa mada, na kila jibu linasomeka peke yake. Jambo likishaelezwa mahali, nimekuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

1. Ni mjiolojia gani aliyetembea Mwezini?

Harrison Schmitt, Mmarekani ambaye wenzake humwita Jack. Alizaliwa mwaka 1935 huko Santa Rita, New Mexico, eneo la migodi ya shaba, na baba yake alikuwa mjiolojia wa migodi. Alisoma Caltech, chuo kikuu cha teknolojia huko California, akapitia Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, kisha akapata shahada ya udaktari wa jiolojia Harvard mwaka 1964.

Kabla ya kuwa mwanaanga alifanya kazi na taasisi ya jiolojia ya serikali ya Marekani, USGS, mjini Flagstaff, Arizona. Kitengo chake kilianzishwa na Eugene Shoemaker, na kazi ya Schmitt ilikuwa kubuni namna mtu aliyevaa suti ya anga atakavyochunguza miamba ya Mwezi. Mbinu alizokuja kuzitumia kule juu, nyingine alikuwa ameshiriki kuzitunga.

2. Je, ndiye mtu wa mwisho kukanyaga Mwezi?

Ndiye wa 12 na wa mwisho kushuka ngazi. Eugene Cernan, kamanda wake, alitangulia kushuka na akawa wa mwisho kupanda kurudi chomboni, tarehe 14 Desemba 1972. Ndiyo maana vitabu vingine humtaja Schmitt na vingine Cernan. Mwenzao wa tatu, Ronald Evans, alibaki juu akiuzunguka Mwezi katika chombo mama kilichoitwa America.

3. Wale 11 wengine hawakujua jiolojia?

Walijua, na baadhi yao waliijua vizuri sana. Walikuwa marubani waliofundishwa jiolojia kwa miaka. Walipelekwa Hawaii na Iceland kuona lava, na Arizona kuona kreta kubwa iliyochimbwa na kimondo. Karibu na Flagstaff, USGS ililipua baruti katika uwanda wa majivu ya volkano ili kutengeneza mashimo yanayofanana na ya Mwezini, marubani wayafanyie mazoezi.

Mwanzoni mafunzo yalikuwa ya darasani mno na wengi waliyachoka. Schmitt akamshawishi Lee Silver, mwalimu wa Caltech, awachukue watu wa Apollo 13 hadi milima ya Orocopia huko California mwaka 1969. Silver aliwaacha wabishane na miamba wenyewe, na kuanzia hapo mambo yakabadilika. Matunda yalionekana Apollo 15, pale David Scott na James Irwin walipoliona jiwe jeupe la anothosaiti juu ya udongo wakalitambua papo hapo kuwa ni kipande cha gamba la kale la Mwezi. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba kabla ya Schmitt waliokwenda walikuwa wakiokota mawe tu.

Tofauti ya Schmitt ni mazoea. Rubani aliyefundishwa hutambua kile alichoambiwa akitafute. Aliyeishi na miamba tangu utotoni hushtuka pia kwa kitu ambacho hakuna aliyemtajia. Jibu la 12 linaonyesha hilo waziwazi.

4. Alipataje nafasi, ikiwa NASA, shirika la anga la Marekani, ilipendelea marubani?

Kwa kusubiri, na kwa msukumo wa wanasayansi. Mwaka 1965 NASA ilichagua wanasayansi sita wa kuwa wanaanga, na mjiolojia kati yao alikuwa yeye tu. Hakuwa rubani, kwa hiyo alipelekwa jeshi la anga kujifunza kurusha ndege za jeti, mafunzo yaliyochukua mwaka mzima.

Baadaye alipangwa katika kikosi cha akiba cha Apollo 15. Kwa desturi ya wakati ule kikosi hicho kingekuja kurushwa na Apollo 18, lakini Septemba 1970 Apollo 18 na 19 zilifutwa kwa ajili ya bajeti. Wanasayansi wakapaza sauti: mpango mzima wa kuchunguza Mwezi uishe bila mwanasayansi hata mmoja kuukanyaga? Agosti 1971 Schmitt akawekwa Apollo 17, akichukua nafasi ya Joe Engle. Engle alikuwa rubani hodari aliyekwisha kurusha ndege ya roketi X-15, naye alistahili. Kilichotolewa hapo kilikuwa kiti cha mtu mwingine, na ni haki kulikumbuka hilo.

5. Walitua wapi, na kwa nini hapo?

Katika bonde la Taurus-Littrow, ukingoni mwa kusini-mashariki mwa Mare Serenitatis, mojawapo ya yale mabaka meusi unayoyaona Mwezi ukiwa mpevu. Bonde hilo lina kina kuliko Grand Canyon ya Marekani: mlima wa kusini, South Massif, unainuka zaidi ya kilomita 2 juu ya sakafu yake.

Mahali hapo palitoa vitu viwili kwa mkupuo. Milima ilikuwa mwamba wa kale ulioinuliwa na pigo lililochimba beseni la Serenitatis. Sakafu ilikuwa lava iliyokuja baadaye. Juu ya hayo, Alfred Worden wa Apollo 15, akipita juu ya eneo hilo, alikuwa ameripoti vilima vidogo vyeusi vilivyofanana na vilima vya majivu ya volkano. Waliofundisha marubani wa vyombo mama kutazama namna hiyo waliongozwa na Farouk El-Baz, mjiolojia mzaliwa wa Misri, ambaye pia alikuwa katibu wa kamati ya kuchagua mahali pa kutua.

6. Walikaa muda gani na walifika umbali gani?

Walitua tarehe 11 Desemba 1972 na kukaa takriban saa 75. Walitoka nje mara tatu, kila mara kwa zaidi ya saa saba, jumla saa 22 hivi. Gari la umeme liliwazungusha karibu kilomita 35, na mbali kabisa walipofika ni kama kilomita 7.6 kutoka kwenye chombo. Hawakuruhusiwa kupita umbali ambao wangeweza kuurudia kwa miguu na oksijeni iliyobaki endapo gari lingeharibika, na sheria hiyo ndiyo iliyoamua dakika ngapi wapate katika kila kituo.

## Kazi yenyewe

7. Mjiolojia hufanya nini hasa akifika kwenye jiwe la Mwezini?

Watu wengi hufikiri ni kuinama, kuokota, kutia mfukoni. Ukweli ni kwamba kuokota ni jambo la karibu mwisho.

Kwanza ni macho. Hata kabla gari halijasimama, Schmitt alikuwa akitaja kwa redio anachokiona: rangi ya udongo, wingi wa mawe, ukubwa wake, yamezama kiasi gani, yana mapovu ya gesi au hayana. Alikuwa hata na kifaa cha mpini mrefu cha kuchotea udongo akiwa amekaa kitini, ili wasipoteze dakika za kushuka.

Wakishuka, kando ya jiwe huwekwa kifaa cha miguu mitatu chenye fimbo inayoning'inia kwa uhuru. Fimbo inaonyesha wima, kivuli chake kinaonyesha Jua liko upande gani, na alama za rangi juu yake zinasaidia maabara kurekebisha rangi na kupima ukubwa pichani. Picha moja hupigwa kwa upande wa mwanga wa Jua, nyingine mbili kutoka ubavuni kwa nafasi tofauti kidogo, ili baadaye zionekane kwa kina. Ndipo jiwe linaposhikwa. Mmoja hufungua kifuko chenye namba, mwingine hutumbukiza, namba husomwa kwa sauti ili Houston, kituo cha kuongoza safari hapa Duniani, waiandike, kisha hupigwa picha ya mahali palipobaki wazi.

Utaratibu huo unachosha kuusoma, sembuse kuufanya ndani ya glavu nene. Lakini bila huo jiwe hupoteza nusu ya habari zake. Mtu wa maabara anataka kujua upande upi ulitazama juu, kwa sababu ndio uliopigwa na miale ya anga na chembe ndogo za vimondo kwa mamilioni ya miaka. Jiwe lisilojulikana lilikolalia haliwezi kumjibu.

8. Walitumia vifaa gani?

Nyundo, koleo ndefu za kushikia mawe, kijiko kikubwa chenye mpini, reki ya kukusanya vijiwe, na mirija ya chuma ya kupigilia ardhini ili itoe udongo ukiwa na tabaka zake. Cernan alikuwa na drili ya umeme kwa mashimo marefu zaidi, yakiwemo ya vipimajoto vya joto linalotoka ndani ya Mwezi. Kamera za Hasselblad zilifungwa kifuani.

Reki ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote, na mimi huitetea kila nipatapo nafasi. Jibu la 18 linaeleza sababu.

9. Mwili ulihisije? Si uzito ni moja ya sita tu?

Uzito ni moja ya sita, ndiyo. Shida ni suti. Imejazwa oksijeni, nayo hutaka kunyooka muda wote, kwa hiyo kukunja kiuno au goti ni kushindana nayo. Ndiyo maana kila kifaa kilikuwa na mpini mrefu. Glavu zilikuwa na upinzani uleule: kila unapofumba kiganja kushika nyundo, unaikaza misuli ya mkono wa mbele, na ukilegeza inafunguka yenyewe. Fanya hivyo kwa saa saba na utajua kwa nini walilalamikia mikono kuliko miguu.

Kwa miguu, Schmitt alipata mwendo wake wa kuteleza na kudunda, ambao mwenyewe aliufananisha na kusafiri kwa ski kwenye theluji tambarare. Alianguka mara kadhaa, hasa alipojinyoosha kufikia sampuli. Katika kituo kimoja alianguka kwa vishindo hadi Robert Parker, aliyekuwa akizungumza nao kutoka Houston, akamtania kwamba kikundi cha ballet cha mji huo kinapiga simu kuomba huduma zake.

10. Ni kweli kwamba Mwezini huwezi kukisia umbali?

Ni kweli, na kwa mjiolojia hilo ni tatizo la kikazi. Duniani mlima wa mbali hufifia kwa sababu ya hewa na vumbi, na macho yetu yamezoea ishara hiyo. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo mlima ulio kilomita nyingi huonekana mkali kama jiwe la karibu. Hakuna mti, nyumba wala nguzo ya umeme ya kulinganishia. Wanaanga wengi waliona vitu kuwa karibu kuliko vilivyo. Schmitt alisaidiwa na ramani alizozikariri na vipimo vya gari, ambalo lilionyesha mwelekeo na umbali wa kurudi chomboni.

Pembe ya Jua nayo hudanganya. Ukitazama upande ambao Jua liko nyuma yako kabisa, vivuli hujificha na ardhi huonekana tambarare hata kama ina mashimo.

11. Je, kuna watu Duniani waliokuwa wakimwambia afanye nini?

Walikuwepo. Houston kulikuwa na chumba cha wanasayansi kilichoongozwa na William Muehlberger, mkuu wa timu ya jiolojia ya safari hiyo. Walitazama televisheni ya gari, wakahesabu muda na sampuli, na kutuma mapendekezo kwa Parker ayafikishe. Sauti huchukua kama sekunde 1.3 kufika.

Mpango wa kila kituo ulikuwa umeandikwa mapema. Schmitt aliujua, na pia alijua lini auvunje.

## Udongo wa rangi ya chungwa

12. Nini hasa kilitokea kwenye kreta ya Shorty?

Siku ya pili, baada ya kituo kirefu chini ya South Massif, walifika Shorty wakiwa na takriban nusu saa tu. Ni kreta ya kama mita 110, yenye ukingo mweusi, na wapo waliotumaini kwamba ilikuwa tundu la volkano. Schmitt akiwa ukingoni karibu na jiwe kubwa aliona pale alipoparua kwa kiatu pana rangi. Akasema kwa redio kwamba kuna udongo wa rangi ya chungwa. Cernan alimwambia asiuvuruge mpaka naye auone. Mwanga unaorudishwa na foili ya vyombo unaweza kudanganya macho, wakainua vioo vyao vya kukinga Jua kuhakikisha. Rangi ilikuwa palepale.

Mara nyingi hadithi huishia kwenye msisimko huo. Mimi naona lililo kubwa ni lililofuata. Rangi hiyo ingeonwa na yeyote mwenye macho. Schmitt alichimba mfereji mfupi kukata utepe wa udongo huo, kutoka upande mmoja wa kijivu hadi upande wa pili wa kijivu, ili mipaka yake ionekane. Akachukua sampuli ya chungwa katikati, na ya kijivu kila upande. Kisha mirija miwili iliyounganishwa ikapigiliwa kwenda chini, karibu sentimita 70, na sehemu ya chini ikatoka nyeusi tii. Picha zikapigwa kabla na baada. Saa inakimbia, Houston wanakumbusha muda, na mtu huyu anafanya kazi ya shambani iliyokamilika: mpaka, katikati, kina. Leo sampuli hizo zina namba 74220, 74240 na 74260, pamoja na mrija wa 74001/74002, na mtu aliyezaliwa miaka 30 baadaye anaweza kuzitafsiri bila kumuuliza Schmitt swali hata moja.

13. Kwa hiyo ilikuwa volkano hai?

Hapana. Shorty yenyewe ilichimbwa na kimondo. Lakini wazo la volkano halikukosea kabisa, limekosea umri tu.

Udongo huo ni vishanga vya kioo, vidogo kuliko punje ya chumvi. Zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, kutoka kilomita mamia kadhaa chini ilipanda ikisukumwa na gesi, ikaruka juu kama chemchemi ya moto, na matone yake yakaganda yakiwa bado yanaelea. Rangi ya chungwa inatokana na kemia ya kioo chenye titani nyingi. Vile vyeusi vya chini vina kemia ileile, ila vilipoa polepole zaidi vikapata nafasi ya kujenga fuwele. Tabaka hilo likafunikwa, likahifadhiwa, mpaka kimondo kilipolitupa juu karibu miaka milioni 20 iliyopita.

14. Nimesikia kulikuwa na maji ndani yake. Inawezekanaje?

Si maji ya kumimina. Ni alama ya maji yaliyokuwa yameyeyuka ndani ya magma. Kwa miongo mingi ilisemwa kwamba ndani ya Mwezi ni kukavu kabisa. Mwaka 2008 timu ya Alberto Saal wa Chuo Kikuu cha Brown ilitumia vipimo vipya na kukuta alama hizo katika vishanga vya volkano vya Apollo. Mwaka 2011 Erik Hauri na wenzake walichunguza matone ya magma yaliyonaswa ndani ya fuwele, kutoka udongo uleule wa chungwa, wakapata kiasi kinachofanana na magma ya migongo ya chini ya bahari za Dunia.

Sampuli ya 1972 ikajibu swali ambalo mwaka 1972 hapakuwa na mashine ya kuliuliza.

## Vumbi

15. Ni kweli vumbi la Mwezi lina harufu?

Nje hakuna hewa, kwa hiyo hakuna cha kunusa. Lakini waliporudi chomboni, wakajaza hewa na kuvua helmeti, walisikia harufu kama ya baruti iliyokwisha kulipuka. Sampuli zilizofika Duniani hazina harufu hiyo, na maelezo yanayoaminika ni kwamba nyuso mbichi za chembe hizo hukutana na oksijeni na unyevu kwa mara ya kwanza, kisha hutulia.

Schmitt alipatwa na mafua ya mzio baada ya kutoka nje mara ya kwanza. Pua ilivimba ndani na sauti ikabadilika, hadi Houston wakasikia tofauti. Ilipungua baada ya saa chache.

Jambo hili lisichukuliwe kijuujuu. Chembe za vumbi la Mwezi hazijawahi kusuguliwa na upepo wala maji, kwa hiyo kingo zake ni kali. Ziliingia kwenye viungo vya suti, zikakwaruza vioo, zikakaza zipu na pete za glavu. Watakaokaa Mwezini kwa wiki au miezi watapaswa kulitatua hili kabla ya mengine mengi.

16. Hadithi ya madigadi ya gari ni ya kweli?

Ya kweli kabisa. Nyundo iliyokuwa mfukoni mwa suti ya Cernan ilinasa madigadi ya gurudumu la nyuma upande wa kulia na kuivunja. Waliibandika kwa tepu, lakini tepu haishiki juu ya vumbi na kipande kikaanguka njiani. Gurudumu likawamwagia vumbi jeusi, nalo hunyonya joto la Jua na kuhatarisha betri na vifaa. Usiku mwanaanga mwenzao John Young alijaribu suluhisho huko Houston akiwa amevaa suti, na asubuhi wakaunganisha ramani nne kwa tepu ndani ya chombo, wakazifunga kwenye gari kwa vibanio vya taa. Madigadi hiyo ya karatasi ilidumu hadi mwisho.

## Mawe na majibu yake

17. Walirudi na kilo ngapi?

Takriban kilo 110, kati ya jumla ya kilo 382 za safari sita za Apollo zilizotua. Hakuna safari nyingine iliyoleta nyingi kiasi hicho.

18. Sampuli ipi ni muhimu kuliko zote?

Wataalamu hawakubaliani, kwa hiyo nitataja zangu. Udongo wa chungwa umeelezwa katika majibu ya 12 hadi 14.

Ya pili ni 76535, iliyotoka na reki katika kituo cha 6, chini ya North Massif, mlima wa kaskazini wa bonde. Ni troktolaiti, mwamba uliopoa taratibu ndani sana ya gamba la Mwezi zaidi ya miaka bilioni 4.2 iliyopita na ambao, kwa namna ya ajabu, haukupondwa na migongano iliyofuata. Ndani yake wapimaji walikuta kumbukumbu ya uga wa sumaku, ishara kwamba Mwezi uliwahi kuwa na kiini kinachozunguka kikiwa kimeyeyuka. Hakuna aliyeliona jiwe hilo na kupiga kelele. Lilikuja pamoja na vijiwe vingine.

Ya tatu ni jabali lililopasuka la kituo hichohicho. Lilibiringika kutoka mlimani, likaacha alama ya njia yake kwenye mteremko, likavunjika vipande vitano. Schmitt na Cernan walitembea kutoka kipande kimoja hadi kingine, na Schmitt akatambua kwamba aina mbili za mwamba zinakutana ndani ya jabali moja, akafuata mpaka wake. Hiyo ni jiolojia ya shambani kama ifanywavyo popote, kwenye kuta za Bonde la Ufa au milima ya Norwei.

Nyongeza: mwaka 2023 zirikoni, madini yanayotumika kupima umri wa miamba, katika sampuli ya 72255 ilipimwa kuwa na umri wa miaka bilioni 4.46, na hivyo Mwezi wenyewe haupungui umri huo.

19. Kwa nini bado zinachunguzwa baada ya nusu karne?

Kwa sababu baadhi ziliwekwa akiba kwa makusudi. Mrija 73001, uliofungwa hukohuko Mwezini ili kuhifadhi gesi zake, haukufunguliwa hadi mwaka 2022. Waliouweka akiba walijua kwamba watakuja watu wenye vyombo bora kuliko vyao. Jibu la 14 ni mfano wa faida ya subira hiyo.

20. Mashine zisingetosha?

Mashine zimefanya kazi kubwa. Chang'e 5 ya China ilileta gramu 1,731 mwaka 2020, ikaonyesha kuwa lava ilitiririka Mwezini hata miaka bilioni 2 iliyopita, na Chang'e 6 ikaleta sampuli za kwanza kutoka upande usioonekana mwaka 2024. Ningekosea kuzibeza.

Ila linganisha na kituo cha Shorty. Mashine iliyopangiwa kuchota hapo ingechota kijivu na kwenda zake, au ingesimama siku kadhaa ikisubiri watu waangalie picha. Mtu aliona, akaelewa, akabadili mpango, akamaliza, ndani ya nusu saa. Ningependa kuona vyote viwili, na ningependa mjiolojia apelekwe mapema, si katika safari ya mwisho.

## Maswali ya pembeni

21. Tunajuaje kwamba mawe haya si ya Dunia?

Yana vishimo vidogo mno vilivyochongwa na chembe za vimondo, jambo lisilotokea chini ya angahewa. Yana isotopu, yaani aina za atomi, zinazotengenezwa na miale ya anga. Madini ya udongo kama mfinyanzi hayamo, na chuma safi ndani yake hakijashika kutu baada ya miaka zaidi ya bilioni 3. Maabara za nchi nyingi zimeyapima, zikiwemo za nchi zisizokuwa na sababu ya kuipendelea Marekani.

22. Naweza kumiliki jiwe la Mwezi?

La Apollo, hapana. Ni mali ya serikali ya Marekani. Vipande vya jiwe 70017, basalti (mwamba wa lava) iliyookotwa mwishoni mwa safari hiyo, vilitolewa zawadi kwa nchi 135 mwaka 1973, na hivyo ni mali ya nchi hizo.

Vipo hata hivyo vimondo vilivyorushwa kutoka Mwezini kwa migongano vikaanguka Duniani vyenyewe. Jangwa la Oman ni mojawapo ya mahali pazuri zaidi duniani kuvipata, kwa kuwa ardhi ni ya rangi nyepesi na mvua ni chache. Sayh al Uhaymir 169, jiwe la gramu 206 lililopatikana huko mwaka 2002, limekuwa maarufu kwa wingi wa thoriamu na potasiamu. Ndugu zetu walioko Oman wakumbuke kwamba kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Na anayekuuzia jiwe "la Mwezi" bila hati za maabara, mwache.

23. Ile picha maarufu ya Dunia nzima ilipigwa na Schmitt?

Ilipigwa tarehe 7 Desemba 1972, saa chache baada ya kuruka, na NASA huihesabu kuwa ya wote watatu. Afrika iko juu katikati pamoja na Uarabuni, Madagaska inaonekana wazi, na ncha ya kusini ya Dunia imefunikwa na barafu. Pwani yetu yote imo humo.

24. Schmitt alifanya nini baadaye?

Alikuwa seneta wa New Mexico kuanzia 1977 hadi 1983, kisha akarudi kwenye sayansi na kutetea wazo la kuchimba heliamu-3, aina adimu ya gesi ya heliamu, Mwezini kwa ajili ya nishati. Wazo hilo lina wapinzani wengi, kwa kuwa mitambo ya kuitumia haijakuwepo.

25. Mwezi umekufa kabisa, au bonde lile bado linatikisika?

Sakafu ya Taurus-Littrow imekatwa na ngazi ya ardhi iitwayo Lee-Lincoln, yenye urefu wa kwenda juu wa makumi ya mita. Gari liliipanda kwa kupinda huku na huku. Ngazi hiyo ni ufa ambapo upande mmoja ulisukumwa juu ya mwingine, kwa sababu Mwezi unapoa na kusinyaa.

Kati ya 1969 na 1977 vipima tetemeko vya Apollo vilirekodi mitetemeko 28 ya karibu na uso. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2019 na Thomas Watters na wenzake ulionyesha kwamba minane kati yake ilitokea ndani ya kilomita 30 za nyufa za aina hii, na kwamba nyufa hizo huenda bado zinasogea. Anayepanga kujenga kituo cha kudumu Mwezini anapaswa kuziweka kwenye ramani yake kabla ya kuchagua mahali pa kuweka msingi.